Tupeane uzoefu: siku simu au kompyuta ilipofungua somo la hesabu au sayansi

Mwalimu wa Fizikia, Nakuru
Hamjambo walimu wenzangu. Kilichonifanya nianzishe uzi huu ni maji ya moto. Wiki jana kidato cha pili walikuwa wakichemsha maji kwenye jiko la gesi. Kipimajoto kikapanda vizuri hadi nyuzi 94, kikagoma hapo. Maji yanatokota, mvuke unapaa, zebaki haisogei. Kitabu kinasema 100. Wakaomba kipimajoto kingine: 94. Cha tatu, vivyo hivyo. Kijana wa dawati la nyuma akatoa hukumu: "Mwalimu, tumeuziwa vibovu vyote."

Sikumjibu. Simu yangu ina kihisi cha presha ya hewa (si simu zote zinacho), nikafungua phyphox, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ikasoma karibu hektopaskali 815. Usawa wa bahari ni 1013, na hewa ikikandamiza kidogo, maji hutokota kabla ya kufika 100. Darasa likanyamaza. Jioni nikampigia rafiki yangu anayefundisha Kisumu, naye kesho yake akachemsha ya kwake mbele ya wanafunzi wake, akatutumia picha kwa WhatsApp: 96. Sisi tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, wao karibu 1,130. Wangu wakachora grafu wenyewe, mita upande huu, nyuzi upande ule, Mombasa wakaiweka sufuri na 100. Yule wa nyuma ndiye aliyepitisha rula kwenye nukta tatu. Akaguna: "Kumbe ndiyo maana githeri ya huku haiivi upesi kama ya shangazi Mombasa."

Simu ile ilifanya kazi dakika mbili tu. Ingetangulia kabla hawajabishana, ingekuwa namba nyingine ya kunakili. Haya, tuambieni ya kwenu.

Mwalimu wa Biolojia, Kakamega
Mwalimu, umenigusa. Mimi nina hadubini mbili na wanafunzi 58. Kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa akichungulia nusu dakika, anarudi kuchora seli ya kitunguu, nami nasahihisha. Muhula uliopita nilifunga simu juu ya lenzi ya jicho kwa raba na kipande cha katoni, nikaiunganisha kwa waya na televisheni ya shule. Wote wakaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Msichana mmoja akainuka, akaweka kidole kwenye duara lenye ukingo mnene mweusi: "Hiki ndicho nilichochora mimi." Kilikuwa kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kioo cha kufunikia. Nikarudi kwenye madaftari. Karibu theluthi moja walikuwa wamechora viputo kwa uangalifu mkubwa, na wengine niliwapa alama! Niliumia sana. Tukatia ayodini, tukashusha kile kioo polepole kwa kukiinamisha, na viini vya seli vikajitokeza vyenyewe.

Mama Hesabu, Kisumu
Kwangu ni GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo. Ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haidai bando. Tulikuwa kwenye mlinganyo wa mstari mnyoofu, y = mx + c, somo ambalo wengi hulikariri tu. Nikamwita mvulana ambaye tangu Januari hajawahi kunyoosha mkono, nikamwambia asogeze m apendavyo. Akaipandisha, mstari ukasimama. Akaishusha hadi hasi, mstari ukainama upande wa pili. Akageukia wenzake: "Hii m ni ya mlima! Ikiwa hasi, unateremka." Darasa zima likadakia, "Kama kilima cha Riat!" Tangu siku hiyo hakuna anayekosea alama ya hasi.

Ila nisieleweke vibaya. Baada ya hapo kalamu na karatasi ya grafu. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mtoto atachagua skeli na kuweka nukta kwa mkono wake, na mkono usiozoea hutetemeka. Kompyuta kwanza, karatasi mara mbili.

Mwalimu wa Kijijini, Busia
Stima kwetu ni ya kubahatisha. Nashusha michezo ya PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, nikiwa mjini, naiweka kwenye flashi, nachaji laptopu usiku. Ile ya saketi wanaipenda mno, maana hapo hata wakiunguza betri hakuna hasara.

Mzazi na mwalimu mstaafu, Bungoma
Wanangu, nawasoma kwa furaha na kwa uchungu. Shule niliyostaafia ililetewa tabuleti za watoto wa darasa la kwanza. Zilifungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, na ufunguo ulikuwa na mtu mmoja. Nilipoondoka betri zilikuwa zimefura. Watoto wale walikua bila kuzigusa. Mwalimu mwenye ufunguo wa kabati kama hilo akisoma hapa, namsihi afungue kesho asubuhi.

Mwalimu wa Fizikia, Nakuru
Mzee wetu, shikamoo, na asante. Ufunguo wa maabara yetu nitaomba wawe nao watu watatu.

Sasa naomba msaada. Grafu yetu ina pengo juu. Namtafuta mwalimu wa Eldoret mwenye kipimajoto na sufuria. Ni karibu mita 2,100. Darasa limeshaandika utabiri wake ubaoni, 93, na wamenikataza kuufuta mpaka picha ije.