Naombeni ushauri: Krismasi Kibosho na watoto wawili wadogo, safari ya mwaka jana ilitushinda

Mama Wawili Kibamba

Habari zenu wapendwa. Maelezo ni marefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, nimeolewa Kibosho, Moshi, tunaishi Kibamba hapa Dar. Tuna watoto wawili: wa kike ana miaka minne na nusu, wa kiume ana miezi 16 na bado ananyonya. Kila Desemba mume wangu lazima apande Moshi. Mlioolewa Uchagani mnajua, kule Krismasi watu wanakwenda kuhesabiwa. Usipoonekana utaulizwa mpaka Pasaka.

Mwaka jana tulipanda basi Mbezi tarehe 22 Desemba. Tiketi ilikuwa ya saa kumi na mbili asubuhi, basi likatoka saa tatu kasoro. Tulikata siti mbili, mkubwa akapakatwa na baba yake, mdogo nikawa naye mimi. Hatujafika Chalinze mkubwa ameshatapika mara mbili, na nguo za kubadilisha ziko kwenye begi chini ya basi. Nilimvua, nikamfunga khanga, akakaa hivyo njia nzima. Moshi mjini tuliingia saa tano usiku, hiace za Kibosho zimeshaisha, tukatafuta taksi. Kule juu usiku ni baridi, na mtoto ametoka kwenye joto la Dar na khanga yake moja.

Siku ya tatu akapata homa. Wakati huo ratiba ya kutembelea ndugu ilishapangwa: nyumba 9 kwa siku 4. Kila nyumba mnakaribishwa soda na nyama, huwezi kukataa, na watoto hawapati usingizi wa mchana. Mkesha wa mwaka mpya niliumalizia zahanati. Niliporudi Dar nilimwambia mume wangu sirudii tena, tukagombana kwa kweli.

Sasa mwaka huu babamkwe anaumwa miguu, hatoki nje sana. Mwanangu mdogo ndiye anayebeba jina lake, na kila mzee akipiga simu anamuulizia. Siwezi kumnyima mzee mjukuu wake, na moyo wangu hautaki kumnyima. Ila naogopa ile barabara, na naogopa zile siku kumi. Wenzangu wenye watoto wadogo mnafanyaje? Gari binafsi hatuna.

Kihamba cha Babu

Pole sana dada. Mimi ni wa Rombo, nimesafirisha watatu wangu tangu wakiwa wachanga. Kosa lenu kubwa ni tarehe. Kuanzia tarehe 20 mpaka 24 Dar nzima inahamia Kaskazini, mabasi yanaongezwa, yanachelewa, vyoo vya njiani vina foleni. Mtoto wako bado hajaanza darasa la kwanza, hakuna kinachomzuia. Ondokeni tarehe 14 au 15. Baba yao kama hajapata likizo, atangulize familia au aombe siku chache mapema.

La pili, kateni siti tatu. Najua Januari ina ada na madaftari, lakini kumpakata mtoto wa miaka minne kilomita zaidi ya 500 ni mateso kwake na kwa anayempakata. Chagua siti za katikati, usikubali za juu ya tairi wala za nyuma kabisa. Kule nyuma hata mtu mzima anatapika.

Msafiri wa Reli

Kwa nini msipande SGR, ile treni mpya ya umeme? Watoto wanaifurahia mno, na ina vyoo.

Kihamba cha Babu

SGR inakwenda Morogoro na Dodoma, mkuu, Moshi haifiki. Akishuka Dodoma bado ana safari nzima ya basi mpaka Arusha.

Baba Pacha

Kuna treni ya reli ya zamani. Ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kulala, na mimi nilipanda na pacha wangu wakiwa na miaka mitatu. Ni ya polepole, usiku kucha uko njiani, lakini mtoto analala amenyooka, anasimama, anatembea kwenye ujia, anachungulia dirishani. Wangu hawakutapika kabisa. Sharti moja: uliza kituoni kabla ya kupanga, maana mvua zikiharibu reli husimamishwa, na mabehewa ya kulala yanawahiwa.

Mama Tumaini

Wengine watakushauri basi la usiku kwa kuwa yaliruhusiwa tena mwaka 2023. Ni kweli watoto wanalala. Ila mimi nilijaribu mara moja nikashindwa kufumba jicho, kila lori likipishana nasi naomba Mungu. Ukifika asubuhi umechoka, na mtoto ameamka ana nguvu zake zote anataka mama. Sikushauri.

Nesi wa Zamu

Mama Wawili, nimesoma kwa makini kwa sababu kila Januari tunapokea watoto waliorudi na hali kama hiyo. Nianze na jambo linalonitisha. Watu watakuambia mpe mtoto prometazini, ile wengi wanaiita Phenergan, ili asitapike na alale njia nzima. Mtoto wa chini ya miaka miwili hapewi dawa hiyo, inaweza kumzuia kupumua. Mdogo wako ana miezi 16. Tafadhali usikubali hata akikushauri muuza dawa. Huyo mkubwa naye usimpe bila kuonwa na daktari na kupimiwa dozi kwa uzito wake.

Kwa kutapika: asubuhi asinywe chai ya maziwa wala kula vitumbua vya mafuta. Mpe kitu kikavu kidogo, mkate au kiazi. Akae dirishani atazame mbele, mbali, na simu usimpe, kutazama katuni basi likiyumba ndiko kunakomchafua. Chukua kopo la aiskrimu lenye mfuniko, weka karatasi laini ndani, liwe miguuni pako. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 wengi wanapanda basi hawana cha kutapikia. Nguo mbili za kila mtoto ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na sweta juu kabisa.

Nunua pakiti tatu za ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, kabla hujaondoka. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ukishachanganya utumie ndani ya saa 24, yakibaki mwaga. Mdogo mnyonyeshe kila anapotaka, maziwa yako ndiyo chakula kisichochacha njiani.

Kuhusu homa. Mkishapanda mlimani kila mtu husema ni baridi tu. Mbu akimng'ata mtoto Dar leo, malaria inaweza kujitokeza wiki moja au zaidi baadaye, mkiwa kule juu mnakunywa mtori, ile supu ya ndizi. Mtoto akipata homa apimwe siku hiyo hiyo, usisubiri ndugu wamalize kushauriana. Beba kadi zao za kliniki.

Mama Wawili Kibamba

Nesi, Mungu akubariki. Nakiri kwamba hiyo dawa nilishashauriwa na jirani, na chupa ninayo kabatini. Naiondoa leo.

Mzawa wa Kibosho

Mimi naona mnamtisha. Sisi tulipakizwa na mama zetu kwenye mabasi ya zamani, hakuna cha kopo wala siti ya tatu, na tumekua. Shemeji, nenda, watoto watazoea. Mzee kuona mjukuu wake ni baraka isiyopimwa kwa uchovu.

Mama Tumaini

Kaka, hakuna anayemzuia kwenda. Amesema anataka kwenda na watoto wafike wazima. Mama zetu walipita na hayo kwa sababu hawakuwa na namna nyingine.

Dada, mimi nimeolewa Machame, mwaka wa saba huu. Kuhusu nyumba 9, usiwe wewe wa kusema hatuendi. Ukisema wewe, wewe ndiye bibi harusi wa mjini mwenye maringo. Aseme baba yao, tena aseme mapema, kwa simu, kabla hamjafika. Sisi tulikubaliana hivi: mimi na watoto tunatoka asubuhi nyumba moja tu, saa sita tumerudi, wanakula, wanalala. Jioni mume wangu anazunguka peke yake na sukari na vitenge vya shangazi zake. Siku ya pili ya Krismasi wanaotaka kuona watoto wanakuja kwa bibi. Mwaka wa kwanza walinuna, sasa hivi mama mkwe mwenyewe ndiye anayewaambia wageni, "watoto wamelala, ongeeni taratibu."

Na miezi 16 ni umri wa kutembea bila kuona hatari. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, tazama vitu viwili: jiko la mafiga na mfongo. Ule mfereji unaonekana una maji ya kifundoni tu, mtoto akianguka kifudifudi ni hatari. Wa kwangu tulimkuta amekaa ukingoni, anatupa majani ya migomba yaende na maji, anacheka, na kiatu kimoja kimeshachukuliwa. Watu kumi na tano uani na kila mmoja alidhani mwingine anamtazama. Tangu siku hiyo mtoto anakabidhiwa kwa mtu mmoja kwa jina: "Sasa yuko kwako." Yule akitaka kuinuka, anamkabidhi mwingine.

Mbondei Halisi

Dada yangu wa Muheza, nimesoma mwanzo hadi hapa na nashangaa hakuna aliyeuliza. Kwa mama yako je?

Basi la Tanga kutoka Dar linapita Segera, linakunja kulia, Muheza hiyo hapo. Dar mpaka Muheza mnafika mchana. Mnalala kwa bibi yao siku mbili tatu, watoto wanapumzika, halafu mnadaka basi la Tanga kwenda Arusha linalopita hapo hapo Muheza, asubuhi, mnateremka Moshi bado kuna mwanga. Safari moja ya kuchosha inakuwa safari mbili za mtoto. Korogwe ndiyo karibu nusu ya njia, na nyinyi mnapita jirani kabisa na nyumbani bila kugeuza shingo.

Mama Wawili Kibamba

Mbondei, umenigusa mahali. Tangu niolewe sijala Krismasi kwetu, na nilishaona ndivyo ilivyo. Mwaka jana tulipopita Segera nilitazama ile njia ya kwetu na mtoto kafungwa khanga, nikanyamaza. Hata kumwambia mume wangu sikumwambia. Mama yangu mjukuu wa kiume amemuona mara moja tu, alipokuja Dar kunitunza uzazi.

Ngoja nizungumze na baba yao leo akirudi.

Kihamba cha Babu

Mwambie na hili, anaweza kulielewa haraka kama mwanamume: wakwe zake nao wanahesabu.

Mama Wawili Kibamba

Mrejesho. Nimeongea naye usiku, watoto wamelala. Nilitegemea atakataa. Alinyamaza muda, akasema, "Kwa nini hukuniambia siku zote?" Akapiga simu Kibosho asubuhi yake mwenyewe, akawaambia tunafika tarehe 18 na kwamba mama watoto hatazunguka. Mama mkwe ameuliza tu kama mdogo ameshaota magego, apike mtori laini au kiburu, zile ndizi na maharage.

Tunaondoka tarehe 15. Siti tatu nimekata. Mama yangu Muheza nilipomwambia alinyamaza kwenye simu, nikadhani mtandao umekata.

Nesi wa Zamu

Safari njema. Chandarua usisahau, Muheza mbu wapo.

Mama Wawili Kibamba

Naandika nikiwa Muheza, siku ya pili. Mkubwa alitapika mara moja, Chalinze, ndani ya kopo, nikafunga mfuniko, nikamfuta, akaomba maji, basi. Dirishani alikuwa anahesabu malori. Tulifika saa nane mchana jua likiwaka, na hiyo peke yake ilinitoa machozi, kufika na mwanga. Mama aliweka beseni la maji juani tangu saa tano, akatwambia hakuna salamu ndefu, watoto waoge kwanza. Wameoga uani chini ya mchungwa, wamelala mpaka saa kumi na moja.

Mume wangu amekaa na baba kibarazani, baba anammenyea machungwa kwa kisu, ganda linatoka refu bila kukatika, na mdogo kila likianguka anakwenda kuliokota anamletea babu yake.

Kesho kutwa tunapanda basi la Arusha. Aliyeniuliza inboksi kuhusu chupa ya uji: ni ya lita moja, ya chuma, isuuze kwanza kwa maji ya moto kabla ya kuweka uji. Tuliijaza saa kumi alfajiri na saa sita mchana ulikuwa bado wa moto, ilibidi nimpoozee kwenye kikombe.