Mrejesho: ECG iliyokuwa ikichora mitetemo, Nairobi

Asanteni sana mliojibu swali langu kuhusu ECG (mashine inayochora umeme wa moyo) ya zahanati yetu iliyochora mstari mnene wenye mitetemo. Kilichosaidia zaidi ni kuandaa ngozi: nyoa nywele, futa kwa spiriti, acha ikauke, kisha sugua taratibu kwa shashi kavu. Pakiti ya elektrodi (vibandiko vya ngozini vinavyopokea umeme wa moyo) ilikuwa imeachwa wazi, jeli ikakauka, tumezitupa zote. Kuchomoa waya wa umeme na kutumia betri kumeondoa karibu mitetemo yote ya Hz 50, yaani inayotoka kwenye umeme wa ukutani.

Kwa mgonjwa anayetetemeka mikono bado hatujafanikiwa kikamilifu. Filta ya Hz 40 (inayokata mawimbi ya kasi zaidi ya hapo) husafisha mchoro lakini hupunguza ncha za QRS (wimbi kubwa la kila pigo la moyo), kwa hiyo tumerudisha Hz 150. Aliyeshauri kuhamishia elektrodi mabegani, mitetemo kwenye mchoro imepungua kweli, ila tunaandika uhamisho huo kwenye karatasi ya mchoro kwa sababu hubadilisha umbo la mawimbi.