Naomba ushauri: wanafunzi wa folklifti wanapata kichefuchefu kwenye miwani ya VR

Wakuu, habari za kazi. Hapa Mtwara tunafundisha kuendesha folklifti (mashine ya kunyanyua mizigo ghalani) kwa miwani ya VR (inayokuonyesha mazingira ya kompyuta kana kwamba umo ndani) aina ya Quest 2, kabla mtu hajagusa mashine yenyewe kwenye ghala la korosho. Kutembea ndani ya programu si tatizo tena, tumeweka kuruka alama hadi alama na kugeuka kwa hatua za digrii 30. Shida ni kwenye usukani. Folklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, mkia (sehemu ya nyuma ya mashine) unachapa ghafla. Macho yanaona mzunguko, sikio la ndani halihisi kitu. Dakika ya saba hivi mtu anatoka jasho baridi na kumeza mate.

Tumepandisha kasi ya picha kutoka Hz 72 hadi 90 (picha kwa sekunde), tumerekebisha umbali kati ya lenzi kwa kila mtu (58, 63 au 68 mm), na tumeweka feni usoni. Feni imesaidia kuliko nilivyotegemea, na joto letu hili! Kufifisha kingo za picha kwenye kona kunapunguza kichefuchefu, ila kunaficha mkia, na mkia ndio tunaofundisha watu kuuangalia.

Kuna aliyefifisha kingo akaacha mkia uonekane? Na kiti kinachozunguka kweli kinasaidia, au kikichelewa kidogo tu nyuma ya picha kinazidisha?