IST inastuka ikibadilisha gia, fundi anataka ninunue giaboksi nzima. Nifanyeje?

mkazi_wa_kimara
Wakuu poleni na majukumu. Nina Toyota IST ya 2003, NCP60, injini 2NZ-FE cc 1300, auto ya gia nne. Gari yenyewe iko vizuri, injini haili oili, AC inapiga, shida ni giaboksi tu. Asubuhi ikiwa baridi haina neno ila nikishafika Ubungo kwenye foleni imepata moto ndo shughuli inaanza, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu inastuka mpaka abiria anauliza kuna nini, na nikitoa N kuweka D inagonga "duh" chini, ukiweka R ndo balaa zaidi. Ikishakamata ya tatu inatembea fresh, haitelezi, resi hazipandi ovyo, na taa ya O/D OFF ya kwenye dashibodi (inayoblinki giaboksi ikiwa na hitilafu) haiwaki wala haiblinki.

Fundi wa mtaani ameizungusha kidogo akasema giaboksi imekufa hiyo, niandae laki tisa ya giaboksi yuzdi (iliyotumika) ya Japani na laki mbili ya ufundi. Mwingine anasema nitoe auto kabisa niweke manyuo (gia za mkono) nipumzike. Halafu kuna jamaa kazini anasema niweke giaboksi ya injini kubwa zaidi, 1NZ ya cc 1500, eti ndo ngumu zaidi. Oili ya giaboksi ilibadilishwa juzijuzi pale ninapofanyia sevisi, nikaambiwa wameweka ATF (oili ya giaboksi za auto) nzuri, kopo sikuliona. Gari ndo inanipeleka kazini na ndo inapeleka watoto shule, hiyo hela siwezi kuitoa kwa kubahatisha. Nibadilishe, nifungue, au kuna cha kuangalia kwanza?

fundi_wa_auto
Mkuu usinunue giaboksi. Narudia, usinunue bado. Giaboksi iliyokufa inateleza, unakanyaga mafuta resi zinapanda gari haiendi, au inachelewa kukamata D ukiweka, au inakosa gia moja kabisa. Yako inakamata, na inakamata kwa nguvu kupita kiasi, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na inaniuma sana nikiona mtu anaambiwa atoe milioni kwa fundi aliyezunguka mtaa mmoja bila hata kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Anza na oili, na hapo ndo umenishtua, kwamba imebadilishwa na kopo hukuliona. Hiyo giaboksi inataka Toyota ATF Type T-IV. Ukiwekewa haidroliki ya kawaida, ile ya Dexron wanayomwagia pawa stelingi, rangi ni nyekundu ileile kwa macho hutajua lolote, lakini zile klachi za ndani zimetengenezwa zishikane na oili yenye msuguano wa aina fulani. Ukibadilisha oili unabadilisha namna klachi inavyoshika, badala ya kuuma taratibu inauma ghafla na wewe kwenye siti unasikia mstuko. Na ikiwa baridi oili ni nzito inaficha makosa mengi, ikipata moto inakuwa nyepesi ndo kila kasoro inajitokeza, kama unavyosema wewe Ubungo.

Pima na ujazo. Gari iwe imetembea imepata moto, iko tambarare, injini inawaka, kanyaga breki upitishe mkono wa gia P mpaka L taratibu urudi P, ndo uchomoe dipstiki injini ikiwa bado inawaka, futa, rudisha, chomoa tena, usome kwenye alama za HOT. Watu wanapima injini imezimwa kama oili ya injini halafu wanaongeza tu, oili ikizidi inatoa povu, na povu halibebi presha. Inuse pia. Ikinuka kuungua njoo tuongee upya. Na ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa basi maji ya rejeta yameingia, maana oili ya giaboksi inapozwa kwenye kipoza kilichomo ndani ya rejeta, hapo hata gari usiiwashe tena.

La pili ni mauntini, vile vishikio vya raba vinavyobeba injini na giaboksi. Huko kugonga kwa N kwenda D na R si lazima kutoke kwenye giaboksi hata kidogo. Fungua boneti, mtu akae ndani akanyage breki kwa nguvu zote, aweke D, aweke R, D, R, wewe simama pembeni (pembeni, sio mbele ya gari) uangalie injini. Ikijipindua na kugonga, raba ya mauntini imekatika.

La tatu sailensa, namaanisha mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama. Ikiwa ya moto kwenye P inatakiwa iwe kama 700 hivi. Ikikaa 1000 na kitu kwa sababu throto (mlango wa hewa ya injini) ina masizi basi kila ukiweka D lazima igonge, hata ungefunga giaboksi mpya ya kiwandani.

Ukimaliza hayo rudi hapa.

mama_G
Kaka msikilize huyo. Yangu Vitz ilikuwa hivyohivyo ukiweka R inagonga kama umegongwa nyuma, nikatembea magereji wananitajia bei za giaboksi tu, mpaka shemeji yangu akaipandisha kwenye jeki akanionesha mauntini ya chini nyuma imechanika katikati, raba imebaki inaning'inia. Tukanunua nyingine tukafunga jioni ileile. Ila usinunue zile za kichina za bei ya kutupa, raba yake ngumu sana, gari inaanza kutetemeka mpaka dashibodi. Bora yuzdi ya Japani ambayo raba bado nzima.

wa_South_B
Niaje. Mimi niko Nairobi na Honda Fit GD1, hiyo ni CVT, auto ya mkanda isiyo na gia za hatua, si gia nne kama yako lakini nataka kuongezea kitu kwa sababu hizi gari ndogo watu huzichanganya sana. Yangu ilikuwa inatetemeka ukitoa mguu kwa breki kuanza kutembea, makanika wa kwanza akasema ni gearbox tuitoe. Kumbe hizo Fit za zamani hazina tokikonveta (ile inayounganisha injini na giaboksi ya auto kwa oili), zina klachi ya kuanzia ndani, na hiyo klachi ikikaa na oili iliyochoka ama oili isiyo yake inatetemeka tu. Tulimwaga tukaweka HMMF, oili ya Honda ya CVT, mara kadhaa na ikapoa. Sasa hebu fikiria mtu angeweka T-IV kwa hiyo Fit ama aweke HMMF kwa IST ya huyu, ni kuua gari. Usikubali kuambiwa "ATF ni ATF". Nenda na kopo lako mwenyewe, simama hapo ukiona likifunguliwa.

zizou_mwanza
Mi naona aweke manyuo tu amalize, auto ni presha

kitaa_mekanika
@zizou_mwanza mkuu kwa gari kama hii hapana, nimeshiriki hiyo kazi najua inavyokuwa. Sio giaboksi peke yake. Unahitaji pedali za manyuo, silinda za klachi ya juu na ya chini, kebo za gia na stiki yake, flaiwili maana auto ina kile kisahani chembamba tu, klachi na presha pleti, shafti za matairi, mauntini na vishikio vyake. Halafu kompyuta bado inajijua ni ya auto, inatafuta solenoidi (vali za umeme za giaboksi) haizioni, inawasha taa. Swichi ya P na N inabidi uiunge ndo staata ikubali, taa za rivasi uzivutie waya upya. Ukinunua nusu gari iliyogongwa yenye kila kitu unaweza ukafanikiwa, ukiokoteza kimoja kimoja kwenye maduka ya spea Gerezani utamaliza hela na gari iko juu ya mawe. Na siku ya kuuza mnunuzi wa IST anataka auto.

Hiyo ya 1NZ nayo. Kufunga inaweza ikafunga, lakini "ngumu zaidi" ndo nini? Gari yako ina injini ndogo, haijawahi kuizidi nguvu giaboksi yake. Uwiano wa gia ya mwisho na tokikonveta vinaweza kuwa tofauti, unaishia na gari nzito kuondoka au inayobadilisha gia muda usio wake. Na angalia usije ukauziwa ya NCP65, hiyo ni 4WD, haihusiani na yako kabisa. Fungua boneti usome kile kibamba, kuna sehemu imeandikwa TRANS/AXLE, hiyo kodi, yaani namba ya aina ya giaboksi, ndo unayotafuta sokoni kama siku moja utahitaji. Nyingi za IST hizi ni U340E na kuna namba zinafuata mbele yake, linganisha zote.

raum_ya_mzee
Samahani kuingilia uzi. Yangu ni Raum ya 1NZ, auto, na yenyewe inateleza kweli, gia ya tatu resi zinapanda mpaka 4000 gari haiongezi mwendo, oili nyeusi inanuka. Hapa nadhani sina namna ni kubadilisha. Naangalia nini ninaponunua yuzdi? Sitaki nitoke na gonjwa niingie gonjwa jingine.

fundi_wa_auto
@raum_ya_mzee pole mkuu, yako kwa maelezo hayo ni ya kubadilisha au kufungua, na ukweli kwa bei za hapa yuzdi nzuri inakuja rahisi kuliko kufungua, maana ukifungua seti ya klachi na oili sili zake lazima ije kamili na upate fundi anayezijua kweli.

Ukienda Ilala au Gerezani usinunue kwa kuangalia nje, nje wanaosha zinang'aa. Chomoa dipstiki uone oili iliyobaki. Halafu muombe muuzaji mfungue sampo, lile sinia la oili la chini, limeshikwa na bolti tu. Humo ndani kuna visumaku vidogo vimekaa chini. Ukikuta vimevaa tope laini la kijivu, ukilisugua kati ya vidole halikwaruzi, hilo ni la kawaida, ni uchakavu wa miaka. Ukikuta vipande vya chuma vyenye makali, au unga unaometameta rangi ya shaba, muachie mwenyewe. Mimi muuzaji akikataa sampo isifunguliwe siendelei na mazungumzo. Akikubali, patana naye muda wa kuijaribu na mweke alama ya rangi kwenye bodi, iandikwe kwenye risiti.

Kwenye kufunga ndo giaboksi nyingi zisizo na ubovu zinakufa, kaa na fundi hapo hapo. Tokikonveta inatakiwa ikae ndani ya giaboksi kwanza kabla giaboksi haijapanda. Unaisukuma huku unaizungusha, unasikia inaingia "tok", unazungusha tena, "tok" nyingine, mpaka meno ya pampu yameingia na uso wake umezama ndani ya ukingo wa giaboksi. Ukipandisha, giaboksi inatakiwa ikutane na injini kwa mkono tupu, na tokikonveta bado inazunguka huru kabla hujaifunga kwenye kile kisahani. Ukiona fundi anavuta kwa bolti ili viungane MSIMAMISHE, hapo anaivunja pampu, na ikiwashwa gari haitasogea hata hatua halafu utaambiwa giaboksi uliyonunua ilikuwa mbovu.

Kipoza cha kwenye rejeta kisafishwe na paipu zake zipulizwe, vile vyuma vya giaboksi ya zamani vimejaa humo, ukiacha vinaingia kwenye mpya siku ya kwanza. Oili sili za shafti weka mpya wakati iko chini. Na oili iwe inayotakiwa.

mkazi_wa_kimara
Wakuu mrejesho. Nimefanya kama mlivyosema. Mauntini ya upande wa kulia imekatika kabisa, tumeweka D na R injini inanyanyuka mpaka nimeogopa. Nimebadilisha, kule kugonga kwa N kwenda D kumeisha, sasa unasikia tu gari inajikamata. Sailensa iko sawa, throto tumesafisha.

Oili nimenunua T-IV mwenyewe. Ikamwagika kama lita tatu tu, zikaingia tatu. Ni nyekundu haina harufu mbaya. Mstuko wa pili kwenda tatu umepungua sana lakini haujaisha, kwenye joto bado upo kidogo. Je ndo nibaki hivyo?

fundi_wa_auto
Safi sana mkuu, na unaona laki tisa zako bado ziko mfukoni. Giaboksi nzima inabeba zaidi ya lita sita, ukimwaga inatoka nusu, nyingine imebaki kwenye tokikonveta na kwenye mifereji. Kwa hiyo sasa hivi una nusu T-IV na nusu ile usiyoijua. Tembea nayo wiki moja, mwaga tena hizo tatu, weka T-IV. Rudia na mara nyingine moja. Safari ya mwisho shusha sampo usafishe visumaku na chujio.

Ukimaliza hayo mstuko ukabaki, tunaangalia solenoidi inayoitwa SLT, ndo inayopanga presha ya giaboksi nzima. Ikipoteza umeme, kwa mfano waya umelegea au soketi imeingia uchafu, presha inabaki juu kabisa na gia zinaingia kwa kishindo. Injini ikiwa imepoa chomoa ile soketi kubwa ya kwenye giaboksi, isafishe, ipime SLT kwa mita, kwenye nyuzi joto 20 inatakiwa isome kati ya oumu 5.0 na 5.6, zile solenoidi za kubadilisha gia, S1 na S2, zinasoma 11 mpaka 15. Dar hapa joto liko juu ya hapo kwa hiyo ikizidi kidogo usishtuke, ila ukipata sifuri au mita isisome chochote basi umeipata. Hiyo inabadilishwa kwa kushusha sampo, giaboksi inabaki palepale kwenye gari. Na kabla hata ya mita fundi apitishe mashine asome kodi za hitilafu za giaboksi, sio za injini peke yake, mwambie afungue ukurasa wa ECT, ndo wa giaboksi ya auto.

mkazi_wa_kimara
Sawa mkuu, Jumamosi namwaga ya pili. Soketi nitampelekea fundi wa umeme aipime nikiwepo. Nikipata usomaji naweka hapa namba.