Uwanja wa soka umeombwa kwa raga Jumamosi na Jumapili, halafu Jumatano tuna mechi ya ligi. Nisaidieni, wakuu

Mtunza Nyasi
Habari za jioni wakuu. Nasimamia uwanja wa kaunti huku Bonde la Ufa. Ni uwanja wa soka, nyasi halisi za kikuyu, umezungukwa na njia ya riadha ya mita 400. Klabu moja ya ligi inautumia kama nyumbani.

Sasa waandaaji wa raga wameomba wikendi nzima: timu 16, raga ya wachezaji saba kila upande. Wakubwa wameshakubali kwa mdomo, maana hoteli zitajaa na picha zitapigwa. Barua yenyewe haijatiwa saini. Kocha wa soka ameniambia akikuta shimo hata moja Jumatano tusijuane. Mwenyekiti wake anasema raga ni kulima bila kulipia trekta.

Mimi sina ugomvi na raga, ila uwanja huu haujawahi kuipokea. Naomba waliowahi kupitia haya waniambie: skramu zinaharibu kiasi gani kweli? Vipimo vyao vinaingia ndani ya njia ya riadha? Na milingoti yao ile mirefu tunaisimamisha wapi bila kuchimbua eneo la kipa? Na mkataba, niweke nini?

Prop Mstaafu
Mwambie mwenyekiti apunguze presha. Anachokiogopa ni skramu ya raga ya wachezaji kumi na tano, wanane kwa wanane wanasukumana nyasi zikiwa mbichi. Kwenye saba saba ni watatu kwa watatu, na mpira hautulii hapo muda mrefu. Safari Sevens, mashindano ya saba saba ya Nairobi, ilishawahi kutoka uwanja wa raga wa RFUEA pale Ngong Road ikaenda Nyayo, baadaye Kasarani, na soka haikufa.

Tatizo lako ni wingi wa mechi. Timu 16 kwenye makundi manne ni mechi 24 kabla hata ya robo fainali. Ongeza mtoano wa kombe kuu na mshindi wa tatu, unafika 32, bado hujagusa vikombe vya walioshindwa. Kila mechi ni dakika 14. Piga hesabu: dakika 448, yaani karibu mechi tano za soka ndani ya siku mbili. Wachezaji uwanjani ni 14 badala ya 22, sawa, lakini hawa wanakimbia kwa kasi na kukata kona muda wote. Utaona nyasi zimechoka kote, siyo mashimo mawili matatu.

Winga Teleza
Kuna kaunti wamekubali mkutano wa injili wa siku tatu, lori la jukwaa likaegeshwa katikati ya duara, leo tunajadili skramu 😂

Prop Mstaafu
@Winga Teleza umecheka lakini umesema kweli. Tairi la lori linagandamiza udongo chini, maji hayapiti tena. Skramu inang'oa juu tu. Mleta uzi, andika kwenye mkataba: hakuna gari wala hema juu ya nyasi, hata la maji ya kunywa.

Kipenga Kimoja
Nijibu la vipimo, maana hapo ndipo naona hatari kuliko kwenye nyasi.

Uwanja wa soka wa kawaida ni mita 105 kwa 68. Raga inaruhusu urefu wa mita 94 hadi 100 kutoka mstari wa goli hadi wa goli, upana 68 hadi 70. Halafu nyuma ya kila mstari wa goli kuna eneo la kufungia trai (bao la kugusisha mpira chini), lisilopungua mita 6. Ukichukua 100 ukaongeza 6 na 6, una mita 112.

Sasa nenda na futi kamba. Nyasi ndani ya njia ya riadha ya kawaida zina upana wa mita 73, lakini karibu na kona tao linaanza kula. Ukipima juu ya mstari wa pembeni, kutoka tao la kaskazini hadi la kusini, utapata kama mita 111. Yaani kona za eneo la trai zinagusa ukingo wa njia ya riadha. Mchezaji wa saba saba anafungia trai konani akiwa kasi yote, na mwili unateleza. Atateleza hadi kwenye ukingo wa chuma.

Dawa: tumia 94 badala ya 100. 94 na 6 na 6 ni mita 106, karibu sawa na uwanja wenu wa soka, na konani unabaki na mita mbili na nusu hivi. Bado siyo zile mita tano za usalama zinazotakiwa, na pembeni pia huna zaidi ya mbili na nusu. Kwa hiyo ukingo wa ndani ung'olewe (mingi ni ya alumini na inafunguka) na njia itandikwe mikeka minene kwenye kona zote nne. Waandaaji walete mikeka, siyo wewe.

Mtunza Nyasi
Hii ya kona sikuifikiria kabisa. Asante sana. Ukingo wetu unafunguka isipokuwa upande mmoja ambako uliwahi kurekebishwa kwa zege. Na milingoti?

Kipenga Kimoja
Upande wa zege funika kwa mkeka maradufu, na pasipofunikika mechi zisichezwe. Hapo usibembelezwe.

Milingoti ya raga husimama juu ya mstari wa goli wa raga. Kwa urefu wa mita 94 ulio katikati ya 105, mstari huo unaangukia mita 5.5 ndani, sawasawa na mstari wa lile boksi dogo la kipa. Soketi zitakaa pale. Milingoti miwili, mita 5.6 kati yake, kwa hiyo mashimo manne uwanja mzima. Soketi ziwe na kifuniko kinachoshuka chini ya usawa wa udongo, juu yake unarudisha kipande cha nyasi ulichokikata kizima. Ukisikia fundi anasema atafukia na kokoto, mfukuze.

Na magoli ya soka lazima yaondoke, maana yatakuwa ndani ya eneo la trai. Yenu yanatoka?

Mtunza Nyasi
La kaskazini lina soketi. La kusini limechimbiwa na zege tangu enzi za baraza la manispaa 😩

Kipenga Kimoja
Basi hilo ndilo la kwanza kushughulikia, na lifanyike wiki kadhaa kabla, siyo Ijumaa usiku.

Mganda wa Bweyogerere
Hapa kwetu Namboole tuliona kitu kama hicho mwaka 2025. Kombe la Afrika la raga lilichezwa uwanja ule wa Mandela, raga kamili ya kumi na tano. Nusu fainali 13 Julai, fainali 19 Julai, Zimbabwe wakaifunga Namibia 30 kwa 28 wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027. Agosti CHAN, soka ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikaingia palepale, na Uganda wakafungua na Algeria tarehe 4. Tulifungwa tatu bila, lakini hilo lisiwekwe kwenye hesabu ya nyasi.

Angalia tarehe sasa. Kati ya raga na soka kulikuwa na zaidi ya wiki mbili. Wewe una Jumatatu na Jumanne. Mimi nisingebishana na watu wa raga hata kidogo, ningebishana na ratiba.

Mdau wa Temeke
Naunga mkono. Watu wanadhani raga ndiyo mgeni pekee anayekula uwanja. Huku Dar, Uwanja wa Mkapa unabeba Simba, Yanga na Taifa Stars, halafu wanakuja majirani ambao viwanja vyao havijaidhinishwa na CAF. Burundi walicheza "nyumbani" na Cameroon pale Juni 2022. Hao ni wanasoka watupu, na bado kila mechi ya kimataifa ina mazoezi ya siku ya kuamkia, timu mgeni ina haki ya kuugusa uwanja. Mechi moja kwenye karatasi, kwenye nyasi ni mbili na zaidi.

Kwa hiyo mkuu, kwenye mkataba wako usiandike "mashindano ya siku mbili" basi. Andika nani anapasha misuli wapi. Timu 16 zikipasha ndani kabla ya kila mechi, umekwisha. Watafutie kiwanja cha shule jirani. Uwanjani waingie wanaocheza tu.

Mbeba Boksi wa Leicester
Salaam kutoka huku baridini. Kabla ya Kombe la Dunia la raga la 2015, Manchester United waliiondoa Old Trafford kwenye orodha ya viwanja wakisema wanahofia hali ya nyasi. Wengine wakakubali: St James' Park ya Newcastle, Elland Road, Villa Park, Brighton (ndiko Japan walikomfunga Afrika Kusini 34 kwa 32), na hapa Leicester tulipewa mechi tatu Oktoba. Msimu ule ule Leicester City wakachukua ubingwa wa Ligi Kuu. Mpe mwenyekiti habari hiyo kesho asubuhi.

Ila tusidanganyane. Huku wana taa za kuotesha nyasi na mafundi wa kutosha. Na wao pia wanaumbuka: Oktoba 2018 Wembley ilikuwa na mpira wa Kimarekani Jumapili, Jumatatu Tottenham wakacheza na Manchester City mistari ya jana yake ikionekana dunia nzima. Uwanja mpya wa Tottenham una nyasi za soka zinazogawanyika vipande vitatu na kuingia chini ya jukwaa, Wamarekani wanacheza juu ya bandia. Kaunti yako ikikupa bajeti hiyo nistue 😄

Kiraka
Kuhusu mistari: msichore kwa chokaa! Najua ndiyo tumezoea vijijini, lakini chokaa inaunguza ngozi na macho, na kwenye raga mtu anasukumwa uso hadi chini. Oili chafu ndiyo usiseme, inaua nyasi na mstari unabaki miezi. Tumia rangi ya maji, iliyochanganywa nyepesi kwa mistari ya raga. Jumapili jioni mwagilia, Jumatatu kata nyasi, mistari mingi inaondoka na majani. Mistari ya soka uichore nzito juu yake. Kamishna wa mechi akikuta mistari ya raga ya mita 22 inaonekana, hataanza kukusikiliza habari za utalii.

Na nyasi ziache ndefu kidogo wikendi ile, raga inapenda hivyo na mizizi inakingwa. Baada ya hapo usizishushe kwa mkupuo mmoja kumfurahisha kocha. Usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Pale palipong'oka, rudisha kipande kikiwa bado kibichi, kanyaga, mchanga mwembamba, maji. Hii ifanyike baada ya kila kipindi cha mechi, si Jumatatu.

Mwana wa Soweto
Nipo Johannesburg. Mwaka 2010 Bulls, timu ya raga ya Pretoria, waliondolewa Loftus, uwanja wao wa nyumbani, kwa sababu uwanja ulikuwa unaandaliwa kwa Kombe la Dunia la soka, wakacheza nusu fainali na fainali ya Super 14 (ligi kubwa ya raga ya klabu za kusini mwa dunia) kwenye Orlando Stadium, uwanja wa soka wa Soweto. Wakabeba kombe. Soka ilipotaka Loftus ipumzike, raga ilihama. Kwa nini kwako raga ikija soka isihame mechi moja?

Katibu Mchapakazi
Hapo ndipo nilitaka tufike. Nimefanya kazi ya ukatibu wa klabu. Mechi ya Jumatano ni ya mzunguko wa kwanza? Kama ndiyo, iandikieni ligi mapema, pamoja na barua ya klabu pinzani, mbadilishane: Jumatano mcheze kwao, mzunguko wa pili waje kwenu. Mpinzani mara nyingi anakubali ukimlipia tofauti ya nauli. Nauli hiyo waibebe waandaaji wa raga, iingie kwenye bei ya uwanja. Lakini kisemeni kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.

Mtunza Nyasi
Nimerudi wakuu. Ni mzunguko wa kwanza. Nimempigia katibu wa klabu yetu, amesema mpinzani anaweza kukubali, barua inaandikwa kesho. Mwenyekiti nimemwambia ya Leicester, ameguna tu.

Waandaaji wamekubali mikeka, mazoezi nje, na rangi. Goli la kusini watalipia kuling'oa na kuweka soketi, ambalo naona ni faida kwetu. Wamegomea kuacha pesa ya dhamana. Wanasema wao si wahuni, tukikuta uharibifu watatengeneza.

Prop Mstaafu
Mimi ni mtu wa raga damu na bado nakwambia usitie saini bila dhamana. Jumapili usiku kila mtu yuko kwenye muziki, Jumatatu simu hazipokelewi. Ijumaa tembea uwanja na mtu wao, pigeni picha mita kwa mita, nyote msaini. Jumatatu mtembee tena. Dhamana irudi baada ya matembezi ya pili, ikipungua kwa kilichoonekana kwenye picha na si kingine. Hapo hata wao wamekingwa, kwa sababu shimo la mwaka jana hawatabambikwa.

Kipenga Kimoja
Na mvua. Aandikwe mtu mwenye kauli ya kusimamisha mechi uwanja ukijaa maji. Ukiacha "pande zote zitakubaliana", hakuna atakayekubali timu 16 zikiwa zimeshalala hotelini.

Mtunza Nyasi
Mtu huyo ndiye mimi au refa?

Kipenga Kimoja
Refa anaamua usalama wa wachezaji, wewe unaamua uwanja. Mmoja wenu akisema hapana, imesimama. Andika hivyo hivyo.

Kiraka
Na usisahau mazulia pale wanapovuka njia ya riadha, viatu vyao vina njumu za chuma.