Familia ya Marangu: Safari ya Antsirabe, Madagaska

[19:04] Shangazi Anna: Wapendwa, hii rasimu ya kadi ya mchango nimeiweka hapo juu. Naomba maoni kabla sijapeleka kuchapa. Nimeandika "Tumchangie Neema nauli ya kwenda Madagaska kuhudumia akina mama wenye fistula". Picha ya huyo mama nimeipata mtandaoni.

[19:09] Neema: Shikamoo Shangazi. Asante kwa kazi yote hii. Naomba picha ya mama itoke kabisa. Fistula ya uzazi, yaani tundu kati ya kibofu na uke, inamfanya mwanamke avuje mkojo mchana na usiku, wengi wamefukuzwa au wamejificha ndani miaka. Uso wake usizunguke kwenye kadi zetu. Tuweke ramani ya Madagaska au picha ya usharika.

[19:10] Shangazi Anna: Marahaba mwanangu. Naitoa sasa hivi.

[19:13] Baba Mdogo Elia: Na neno "nauli" litoke pia. Watu wakisikia nauli wanachangia tiketi, na tiketi ikipatikana wanaona kazi imekwisha. Fedha nyingi inahitajika baada ya upasuaji. Mama Upendo, waeleze ratiba ya wodi, wewe ndiye mkunga wa timu.

[19:21] Mama Upendo: Siku 2 za kwanza hakuna upasuaji. Ni kupima damu, kumwuliza kila mama alijifungua vipi, na kupima kwa maji ya rangi ya bluu kwenye kibofu ili tujue tundu liko wapi. Kisha siku 10 za upasuaji, wagonjwa 3 kwa siku, jumla 30. Zaidi ya 3 tutachosha chumba cha upasuaji na wodi ya usiku itashindwa kuwaangalia.

[19:23] Mama Upendo: Kila aliyefanyiwa upasuaji anabaki na mpira wa mkojo (katheta, mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu). Fistula isiyo ngumu, Shirika la Afya Duniani linashauri siku 7 hadi 10 (mwongozo wa 2018). Ngumu tunaipa 14. Ndiyo maana ngumu zinapangwa MWANZO na nyepesi mwisho. Timu ikipanga kinyume inapanda ndege huku wagonjwa wagumu bado wana mipira, na hakuna aliyebaki anayewajua.

[19:26] Godlisten: Kwa hiyo wote mnarudi siku ya 14?

[19:28] Mama Upendo: Daktari na mtaalamu wa ganzi wanarudi siku ya 14. Mimi na Neema tunabaki hadi siku ya 28. Mpira ukiziba usiku mmoja tu, kibofu kinajaa, nyuzi zinakatika, na tundu linarudi. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu nyama imeshakuwa kovu.

[19:29] Mama Upendo: Dawa yake ni maji. Lita 4 hadi 5 kwa siku kwa kila mama, mkojo utoke mweupe kama maji. Anayekunywa kidogo mkojo wake unakuwa mzito, uchafu unakaa kwenye mpira. Kila saa mtu apite kitanda kwa kitanda aangalie kama unadondoka na kama kitanda ni kikavu. Kwa hiyo tunahitaji jagi 30 za lita moja na nusu, na wauguzi 2 wa zamu ya usiku wa hapohapo Antsirabe wanaojua Kimalagasi.

[19:34] Baba Mdogo Elia: Sasa hesabu. Nimepanga makapu mawili, na kadi iseme hivyo wazi.
KAPU LA WAGONJWA:
Chakula: wagonjwa 30 na wauguzaji (ndugu wanaowahudumia) 30 × siku 14 = 840. Nikiweka sh 6,000 kwa mtu kwa siku ni sh 5,040,000.
Nauli za wagonjwa na wauguzaji, kwenda na kurudi: 60 × wastani wa sh 40,000 = sh 2,400,000.
Wauguzi wa usiku: 2 × usiku 26 × sh 25,000 = sh 1,300,000.
Jumla sh 8,740,000. Dharura asilimia 10, sh 874,000. Inakuwa sh 9,614,000.
KAPU LA SAFARI: tiketi, bima, viza, chanjo, malazi, na vifaa tunavyobeba. Hili tunalijaza sisi familia za wasafiri 4 kwanza, ndipo tunaomba kwa wengine.

[19:36] Shangazi Anna: Kwa nini wauguzaji nao tuwalishe?

[19:39] Mama Upendo: Kwa sababu mama aliyetoka mbali bila mtu wa kumpa maji na kumfulia hatakaa siku 14. Na akikosa nauli ya kurudi ataondoka mapema na yeyote anayempa lifti, mpira bado uko ndani.

[19:44] Mjomba Aminiel: Ahadi zimefika sh 11,200,000. Si tumeshavuka kapu la wagonjwa?

[19:47] Baba Mdogo Elia: Shemeji, taslimu ni sh 3,850,000. Ahadi haihesabiwi mpaka iingie. Usinunue kitu kwa ahadi. Tiketi ni za dola, na shilingi ikishuka kati ya ahadi na malipo pengo ni letu. Naomba ahadi zote zigawanywe mara 3: mwisho wa Machi, Aprili na Mei. Mtu wa sh 300,000 anatoa 100,000 kila mwezi bila kuumia, na sisi tunajua mapema wapi pamepungua. Tarehe ya mwisho ni Mei 31, safari ni katikati ya Juni.

[19:49] Baba Mdogo Elia: Zisitumwe kwenye simu ya Neema wala yangu. Akaunti ya usharika, kifungu maalum, saini 2 kati ya 3. Kila Jumapili jioni nitaweka hapa orodha: aliyetoa, kiasi, salio. Asiyetaka jina aniambie, nitaandika "Rafiki". Na kwenye kadi iandikwe: salio likibaki linaenda wodi ileile, safari ikivunjika, kapu la wagonjwa linatumwa hospitali kwa stakabadhi. Hilo likiamuliwa leo hakuna ugomvi baadaye.

[19:52] Shangazi Anna: Baraza la wazee limeshakubali bahasha maalum na mnada baada ya ibada, Jumapili mbili. Leteni ndizi, mayai, kuku. Mkungu ukinunuliwa unarudishwa mnadani tena, ndivyo fedha inavyozaa.

[20:01] Godlisten: Mzigo sasa. Kama tiketi inaruhusu mabegi 2 ya kilo 23, watu 4 ni kilo 184. Vifaa tu, DAWA TUSIBEBE. Neema, orodha iko tayari?

[20:06] Neema: Nyuzi za kuyeyuka namba 2-0: 5 kwa mgonjwa, 150, yaani maboksi 13 ya pakiti 12. Mipira ya mkojo namba 16, vipande 60 (kila mama wake na wa akiba), na 10 namba 18. Mifuko ya mkojo 60. Sindano za ganzi ya mgongo 25G, 45. Glavu za upasuaji namba 6½, 7 na 7½. Puto la mpira wa mkojo, linaloushikilia ndani ya kibofu, tutajaza maji safi ya sindano, siyo maji ya chumvi. Chumvi huganda kwenye mfereji na siku ya kutoa puto linakataa kunywea.

[20:10] Godlisten: Kila boksi liwe na namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, ziandikwe kwenye orodha ya mzigo kwa Kifaransa. Hospitali mwenyeji itutumie barua ya kupokea zawadi, na waombe kibali kwao KABLA hatujapakia. Mzigo ukifika bila barua unakaa forodhani, na siku 10 za upasuaji zinaliwa hapo.

[20:11] Godlisten: Dawa zinunuliwe Antananarivo. Pethidini na mofini, dawa kali za maumivu, zina udhibiti wa kimataifa, zinataka kibali cha nchi inayotoa na inayopokea. Kuziweka kwenye begi ni kesi. Na watu wasituletee vidonge vilivyobaki nyumbani. Msaada wa dawa unatakiwa uwe na angalau mwaka 1 mbele kabla ya kuisha, na uwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi ile.

[20:15] Mjomba Aminiel: Dada mmoja wa jumuiya ana katoni ya dawa za aina hiyo. Nitamshukuru na kumweleza, badala yake anunue jagi.

[20:18] Neema: Vyeti vyetu vya baraza la wauguzi na barua za mwenendo kitaaluma vinatafsiriwa Kifaransa na mfasiri anayetambulika. Hospitali ndiyo inayoombea kibali cha kufanya kazi, nasi tusishike chombo kabla hakijatoka. Kadi ya manjano (chanjo ya homa ya manjano): sindano siku 10 au zaidi kabla ya safari. Homa ya ini B ni dozi 3 ndani ya miezi 6, asiyeanza sasa hatamaliza. Na tumeuliza kama wana dawa za kujikinga na VVU mtu akijichoma: zianze ndani ya saa 72, siku 28. Wamesema zipo.

[20:20] Shangazi Anna: Huko kuna joto?

[20:23] Neema: Hapana Shangazi, Antsirabe iko juu mita 1,500 na Juni usiku ni baridi kali. Sweta, na blanketi za wagonjwa tutauliza. Tumechagua Juni kwa sababu vimbunga vimepita, na msimu wa tauni ni Septemba hadi Aprili. Plagi zao ni za pini 2 za duara, tubebe adapta 6.

[20:27] Mama Upendo: Lugha tuanze leo. "Misotroa rano" ni "kunywa maji", hiyo tutaisema mara mia kwa siku. "Marary ve?" ni "inauma?" Mengine mtayatambua wenyewe: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho.

[20:31] Baba Mdogo Elia: Shangazi, kadi mpya ikiwa tayari naomba niione tarakimu kabla ya kuchapa. Godlisten, barua ya hospitali ifuatilie kesho asubuhi, Antananarivo saa zao ni sawa na zetu.

[20:32] Godlisten: Sawa Baba Mdogo. Natuma barua pepe saa 2 asubuhi, saa 4 napiga simu.

[20:40] Shangazi Anna: Rasimu ya pili hii hapa. Picha ni ya ramani. Mstari wa kwanza: "Mama mmoja, siku 14, na mtu wa kumpa maji: sh 168,000."

[20:44] Baba Mdogo Elia: 6,000 × 2 × 14. Sahihi. Chapisha.