Tupeane uzoefu: mliofika Malta na visiwa vya Mediterania, nataka kumpeleka mama

BintiMarangu

Habarini za jioni ndugu zangu. Mama yangu anatimiza miaka 65 mwakani. Tangu nikiwa mdogo ana Biblia yake moja, mgongo umeshonwa na uzi mweusi, na ukifungua Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28 amepigia mstari karibu kila aya, ile habari ya merikebu ya Paulo kuvunjika na watu wote 276 wakaokoka wakafika kisiwa cha Melita. Juzi tukiwa kwenye simu nikamwambia mama, Melita ndo hiyo Malta ya leo, ipo, watu wanaenda likizo. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, alafu akauliza taratibu, "kwani kunafikika?"

Basi tangu siku hiyo sina raha nataka kumpeleka. Mimi nipo Bremen, nina kibali cha kuishi na kazi ya kawaida tu. Mama yupo Marangu, hajawahi kupanda ndege na goti la kushoto linamsumbua. Nawaza aje kwangu wiki tatu na katikati tuchomoke siku tano au sita twende kisiwani. Naombeni mliofika, Malta hasa lakini hata Cyprus au Crete, mtupe uzoefu wenu, mwezi gani mzuri, viza mlipitaje, mlilala wapi, mtu mzima anamudu kutembea? Nimesoma sana mitandaoni yote wanasifia tu, mi nataka maneno ya mtu aliyekanyaga.

Baharia wa Chumbageni

Shikamoo zangu kwa mama kwanza. Nimekaa Malta miaka miwili na nusu nikifanya kazi jikoni kwenye hoteli upande wa Sliema, kwa hiyo nakwambia nilichokiona mwenyewe.

Mwezi: Julai na Agosti usimpeleke mama, nakuomba. Jua la kule sio kama la kwetu, sisi tuna upepo na kivuli cha mnazi, kule ni mawe matupu, nyumba za mawe ya rangi ya asali, ngazi za mawe, barabara nyembamba, joto linakupiga juu alafu linakurudia toka chini. Njooni mwisho wa Aprili au Mei, au Oktoba. Mei kisiwa bado kina majani na maua ya porini ila bahari bado baridi, Oktoba majani yameshakauka lakini maji yamehifadhi moto wa kiangazi, nyuzi 24 hivi. Kama mama anataka kutia miguu baharini chagua Oktoba, mapema.

Kitu kilichonishangaza mimi mtoto wa Tanga ni kwamba bahari yao haipwi. Wiki ya kwanza nilikaa kwenye mwamba asubuhi nikasubiri maji yatoke nione chini kuna nini, ikafika jioni maji yako palepale, yamepanda na kushuka labda shubiri moja. Hakuna bamvua hakuna maji mafu, wavuvi hawaongelei kabisa hayo mambo. Na chumvi ni nyingi kuliko yetu, unaelea bila kujitesa. Fukwe za mchanga ni chache, kuna Għadira kule Mellieħa, kuna Golden Bay, na Gozo, kile kisiwa cha pili cha Malta, kuna Ramla mchanga mwekundu, kwingine unashuka kwa ngazi ya chuma toka kwenye jabali, kwa hiyo mnunulie mama viatu vya raba vya majini.

Lugha ndo itakayomfurahisha. Kimalta kimetokana na Kiarabu ila kinaandikwa kwa herufi za Kirumi na kimechanganyika na Kiitaliano, sasa sisi Waswahili tunakutana nacho njiani. Sita wanasema sitta, saba ni sebgħa, ishirini għoxrin, thelathini tletin. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa il-Ġimgħa. Dunia ni dinja, kitabu ktieb, saa siegħa. Siku moja kwa mzee mmoja muuza mkate, nimechoka na zamu ya usiku, ikanitoka tu Kiswahili, "nipe sita". Akahesabu mikate sita akaweka kwenye mfuko, hata hakuinua kichwa. Nilitoka pale macho yamelowa, sijui kwa nini, nadhani ni upweke wa miezi mingi. Kiingereza nacho ni lugha rasmi kwa hiyo hamtapotea.

Mambo madogo: gari zinapita kushoto kama kwetu, na plagi ni zile za pini tatu, kwa hiyo chaja ya mama ya nyumbani inaingia moja kwa moja, ya kwako ya Ujerumani ndo itataka adapta. Basi zinakwenda karibu kila mahali, tiketi moja unaitumia saa mbili, ila kiangazi zikijaa dereva anakupita kituoni.

Goti: Valletta, mji mkuu, ina ngazi na miteremko mikali. Njia yangu ilikuwa hii, panda kivuko toka ng'ambo ya bandari, upande wa Birgu, ukishuka Valletta pale chini kuna lifti ya Barrakka, inapanda mita 58 mpaka bustani ya juu, na mizinga inapigwa saa sita kamili mchana, muwahi viti. Kutoka pale ni kutembea polepole mpaka kanisa la Mtakatifu Paulo aliyevunjikiwa merikebu, lipo kichochoroni, wengi wanalipita bila kuliona.

Nesi wa Leeds

Mimi ni Mkenya, naishi Uingereza, na nataka kukazia hiyo ya Agosti kwa sababu mimi ndio nilienda Agosti na watoto wawili, shule zikiwa zimefungwa, sikuwa na namna. Kwanza viza, watu hufikiria ukiwa na kibali cha Uingereza basi Shengeni, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, unaingia tu, la, na pasipoti ya Kenya nililazimika kuomba kama mtu mwingine yeyote na miadi ya alama za vidole nilikuwa naamka saa kumi usiku kuitafuta. Wewe wa Bremen hapo una nafuu kubwa, kibali chako kinakuruhusu, shughuli yako ni ya mama tu.

Tukaenda Comino, kisiwa kidogo cha Malta, ile Blue Lagoon ya kwenye mapicha. Maji ni mazuri ajabu, hiyo siwezi kukataa, lakini tulishuka saa tano asubuhi na hakukuwa na mahali pa kutandaza taulo, watu wamebanana kwenye mawe, muziki wa boti huku na boti kule, hakuna mti hata mmoja. Kijana wangu akachomwa na konyeza kwenye paja, alama ikavimba kama mjeledi, akalia mpaka mama mmoja Mmalta asiyetujua akaja akamwosha na maji ya bahari akanionya nisitumie ya bomba, akakaa na sisi mpaka mtoto akatulia. Sitamsahau yule mama. Nasikia tangu 2025 lazima uweke nafasi kabla ya kushuka Comino, ni vizuri, ila kwa mama wa miaka 65 mwenye goti mimi ningeruka hiyo nimpeleke Marsaxlokk Jumapili, soko la samaki, mashua zao wanaita luzzu zimepakwa njano na bluu na nyekundu na kila moja ina macho mawili mbele. Mimi nimelelewa Lamu, nikayaona yale macho nikakumbuka majahazi yetu, nikapiga picha nyingi nikamtumia babangu.

Kaka wa Tegeta

Wenzangu wameongelea raha, mimi niongelee viza ya mzazi kwa sababu ya mama yangu ilikataliwa mara ya kwanza na najua ile karatasi inavyouma. Sababu waliyoweka tiki ni kwamba hawakuridhika kuwa atarudi. Kosa letu kubwa, wiki mbili kabla ya kuomba ndugu tulichanga tukamwekea pesa kwa mkupuo kwenye akaunti, steitimenti ikaonekana miezi mitano kavu alafu ghafla mamilioni. Tuliambiwa na mtu tuliyemlipa kwamba ndo inavyofanyika. Msifanye hivyo.

Mara ya pili tukaacha akaunti yake ilivyo, pensheni yake ndogo inayoingia kila mwezi, tukaweka hati ya kiwanja, barua ya serikali ya mtaa, cheti changu cha kuzaliwa kinachoonyesha yeye ni mama yangu, na barua ya mama mwenyewe ameandika kwa mkono kwamba ana kuku na wajukuu watatu anawalea na anarudi tarehe fulani, tukaitafsiri. Ikapita. Kwa wewe wa Ujerumani nenda ofisi ya wageni ya mji wako uchukue ile Verpflichtungserklärung, mimi nililipa euro 29, hapo unajifunga kisheria kumgharamia.

Na hili watu wengi hawalijui: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, sio lazima ile unayoitamani. Mama akikaa Bremen wiki mbili na zaidi na Malta siku sita, ombi ni la Ujerumani, na viza hiyohiyo inamfikisha Malta kwa sababu Malta ipo Shengeni. Lakini andikeni Malta kwenye ratiba, msiifiche. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024 na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, na siku 15 kabla ndo mwisho, ila msisubiri huko, mama yangu alikaa wiki tano anasubiri majibu na kila siku ananipigia.

Mjukuu wa Malindi, Unguja

Assalaam aleikum. Mie nipo Muskati, kwa hiyo yangu ni Cyprus. Ndege ya Emirates niliyopanda Dubai ilitua Larnaca kisha ikaendelea Malta, mie nikateremka Larnaca na mama yangu na khaloo, dada yake mama. Safari yetu ilikuwa kwa ajili ya kaburi la Umm Haram, radhi za Allah ziwe juu yake, yule bibi sahaba aliyesafiri na jeshi la kwanza la Waislamu kuvuka bahari akaanguka kwenye nyumbu wake akafia pale. Msikiti upo kando ya ziwa la chumvi, nje kidogo ya mji, mitende na miti mikubwa imeuzunguka. Tulikwenda mwezi wa Januari, ziwa limejaa ndege heroe, rangi ya waridi mpaka mwisho wa macho. Mama alivua viatu akakaa kibarazani, hakutaka kuondoka, taksi ikatusubiri saa nzima na nusu. Basi nakuelewa dada ulivyokosa raha.

Ila kwa mama yako usichanganye Cyprus safari hii. Nilipokwenda mie Cyprus ilikuwa nje ya Shengeni japo ipo Umoja wa Ulaya, na mama akiwa na viza ya kuingia mara moja tu, akitoka Ujerumani kwenda Cyprus atakuwa ameshatoka, kurudi Bremen itakuwa mtihani.

Mzee Kijiko

Crete nilikwenda, ni kisiwa kirefu karibu kilomita 260 toka ncha hadi ncha, bila gari unachoka. Bonde la Samaria ni kilomita 16 za mawe kwa miguu, mama asiguse. Lakini mwambie ile "Bandari Nzuri" ya kwenye sura ya 27, pale Paulo alipowaonya wasisafiri, ipo mpaka leo, pwani ya kusini, Wagiriki wanaita Kaloi Limenes. Kijiji kidogo tu na maji yametulia. Nilikaa pale nikala samaki.

Baharia wa Chumbageni

Nimesahau malazi. Usichukue St Julian's karibu na Paceville, usiku kucha disko. Tafuta St Paul's Bay au Buġibba, bei ya chini kidogo, kuna njia ndefu ya tambarare kando ya bahari mama atatembea na goti lake, na ukielekea upande wa kaskazini unaviona visiwa viwili vidogo, ndipo wanapoamini merikebu iligonga. Sanamu ya Paulo imesimama kule juu. Uliza sana kama nyumba ina lifti, nyingi hazina. Na feri ya Gozo toka Ċirkewwa ni kama dakika 25, kwenda hulipi, unalipa wakati wa kurudi, msishangae mkikosa dirisha la tiketi.

BintiMarangu

Nimesoma yote mara mbili, mengine nimemsomea mama kwenye simu na spika imewekwa, shangazi na jirani walikuwepo. Mungu awabariki sana. Tumekubaliana Oktoba, wiki ya kwanza, na kesho naipigia ofisi ya wageni. Kaka wa Tegeta hiyo ya kuku nimeichukua, mama ana ng'ombe wawili wa maziwa, anaanza kuandika leo.

Ile ya mikate sita amenirudisha nimsomee tena. Alafu ana swali kwa Baharia, anasema imeandikwa Paulo alikusanya mzigo wa kuni akaweka motoni ndipo nyoka akatoka, sasa wewe umesema kule ni mawe matupu, kuni zinatoka wapi? Na nyoka bado wapo?

Baharia wa Chumbageni

Mwambie mama mikharubu ipo mingi, mti mfupi wenye kivuli kizuri, na vichaka vikavu vya kila aina, kuni za kuwasha moto hazikosi. Nyoka wapo wachache, hakuna wa kumuua mtu, wenyeji wanasema ni tangu siku ile ya Paulo. Akifika Rabat, mji wa hukohuko Malta, kwenye pango la Paulo ataona watu wanashuka ngazi kwenda chini, ni chache, ashike ukuta wa kulia.